Kamba za Mdogo Wangu

Mdogo wangu hajui kusoma tepu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililokuwa nikiwaambia watu kila walipomsifu mbele yangu. Mtu ananisimamisha njiani, anajigeuza ili nimwone mgongo na mbele, "Mwalimu, hili gauni kashona mdogo wako, ona lilivyonikaa!" Nami najibu kwa upole kabisa, "Eeh, ana mkono mzuri. Na hata tepu hajui kusoma, maskini." Hilo neno maskini sikulisahau hata siku moja.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nimesimama mbele ya ubao miaka ishirini na mbili, na wanafunzi wamenibandika jina la Onyesha Njia, maana ndiyo maneno ninayoandika kwa wino mwekundu kila ninapokuta jibu limeandikwa peke yake, halijulikani limetoka wapi. Wanadhani sijui wananiitaje. Najua, na jina lenyewe nalipenda.

Kwetu tulizaliwa wawili tu. Mdogo wangu alipoanza shule, namba zilimtesa. Sitini na tisa aliiona tisini na sita, saba akaiandika imegeukia ukutani. Alichapwa, akahamishiwa benchi la nyuma, na alipofika darasa la tano akaacha mwenyewe, akaenda kukaa kwa jirani aliyekuwa na cherehani. Mimi nilikuwa wa kwanza kila muhula. Baba alikuwa na msemo wake wa kuwachekeshea wageni: "Akili za nyumba hii kazizoa zote mkubwa. Huyu mdogo tunamwombea tu." Wageni walicheka, mdogo wangu akacheka nao, mimi nikainamisha kichwa kwa adabu. Sijawahi kusikia maneno matamu kama yale, na nimeolewa.

Chumba chake cha kushonea kiko mtaa wa pili kutoka kwangu, kati ya kinyozi na duka la simu. Kina cherehani mbili, pasi ya mkaa ambayo hataki kuitupa, na meza ya kukatia aliyoitengeneza kwa mlango wa zamani. Tundu la kitasa bado lipo, na humo ndimo anamochomeka chaki zake. Ukuta mzima wa upande wa pili ulikuwa misumari, na kwenye kila msumari kamba. Kila mteja alikuwa na kamba yake ya pamba. Fundo moja kwa kiuno, mafundo mawili kwa kifua, mafundo matatu kwa nyonga, na fundo kubwa la mwisho kwa urefu wa gauni. Kwenye ncha alifunga kipande cha kitambaa cha nguo ya kwanza aliyomshonea mtu huyo, na kwa kipande hicho alimjua. Ukimuuliza kiuno cha mama fulani ni ngapi atakuambia hajui, lakini atashusha kamba na kukuonyesha.

Miaka michache nyuma tulipelekwa semina. Mkufunzi alichora duara nyingi ubaoni akatufundisha kwamba akili si moja. Kuna ya namba, ya maneno, ya mwili na mikono, ya muziki, ya kuelewana na watu, na mwanafunzi anayeonekana mzito pengine amegongewa mlango usio wake. Niliandika kurasa kumi na moja. Nilipata cheti, nikakitia fremu, nikakitundika sebuleni. Na nikiri: katika zile duara nilimtafutia mdogo wangu nafasi, nikamweka kwenye mikono, nikajiona nimetenda haki. Mikono nilimpa bila kinyongo. Namba zilikuwa zangu.

Sasa nina binti, mmoja tu. Anataka kuwa muuguzi tangu akiwa mdogo, na chuo cha uuguzi hakimpokei mtu asiyefaulu hesabu. Alifeli mara ya kwanza. Akarudia, akafeli tena, safari hii vibaya zaidi. Imebaki mara moja, ya mwisho, baada ya hapo umri unamkataa. Mtoto wa Onyesha Njia! Pale ofisini kwa walimu walikuwa wakinyamaza nikiingia, na ukimya ule niliujua ulikuwa unamzungumzia nani.

Nilimfundisha mwenyewe, kila jioni, kwenye meza ya kulia. Nilikuwa na subira, nasema kweli, subira ya dakika kumi na tano. Halafu ningesema, "Umepataje hapa? Onyesha njia," na yeye angeganda. Kalamu inasimama, macho yanaenda kwenye saa ya ukutani, na hakuna kinachotoka tena mpaka kesho. Jioni moja nikachoka. Nikamwambia, "Likizo hii utakwenda kushinda kwa mama yako mdogo. Ukaone mtu asiyesoma anaishije." Nilidhani namtisha.

Alikwenda wiki tatu. Akawa anarudi na nyuzi kwenye nywele na njaa ya mfanyakazi. Halafu Jumapili moja nikampa maswali kumi ya duara, yale yale yaliyomliza mwaka uliopita. Akayafanya huku anapiga mluzi. Tisa yalikuwa sahihi.

"Umeyatoa wapi haya?"

"Nimeyafanya, mama."

"Njia iko wapi?"

Akanyoosha vidole vyake, akavitazama, akacheka. "Iko huku."

Kesho yake nilijifanya napita tu. Dirisha la chumba cha mdogo wangu lilikuwa wazi, nikasimama ubavuni kwa kinyozi, nikachungulia. Binti yangu alikuwa ametandaza kitambaa mezani, anataka kukata sketi ya duara. Mdogo wangu alishika kamba ya mteja.

"Sketi inaanzia kiunoni. Sasa hiki kiuno nikikizungusha hapa, katikati yake iko wapi? Mkasi utauzungusha umbali gani?"

"Sijui."

"Kunja kamba mara sita."

Akakunja.

"Sita imezidi kidogo. Toa nusu ukucha. Basi, hapo. Zungusha."

Binti yangu akazungusha chaki, na mviringo ukatoka mzuri, ukajifunga. Alibaki ameduwaa. "Mama mdogo! Hii si ndiyo pai?"

"Mimi pai siijui, mwanangu. Hicho ni kiuno cha mke wa kinyozi."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi pale nje nikapiga hesabu kichwani, maana ndivyo nilivyo. Tuseme kiuno ni sentimita sitini na sita, kama cha binti yangu; gawanya kwa mara mbili ya pai, unapata kumi na nusu. Sitini na sita ukikunja mara sita ni kumi na moja. Toa nusu ukucha. Ukucha ni kama sentimita moja: kumi na nusu! Mtu aliyeacha shule darasa la tano, anayeandika saba imegeuka, alikuwa ameishika pai mkononi, tena na mtoto wangu pembeni akimtazama kwa macho ambayo mimi sijawahi kutazamwa nayo kwenye ile meza ya kulia.

Wivu niliousikia siku hiyo sikuwahi kuusikia hata kwa mwanamume. Ningefurahi, si ndiyo? Mtoto ameelewa, mama afurahi. Sikufurahi. Nilirudi nyumbani nikasugua masufuria ambayo tayari yalikuwa safi.

Tangu siku hiyo kila kitu kikawa mama mdogo. Hesabu za sehemu alijifunza kwa kukunja shuka, mama mdogo kanionyesha. Pembe kwa kukata kola, mama mdogo anasema kitambaa chenyewe kitakuambia. Nilimuuliza kama huyo mama mdogo atakuwa mle kwenye chumba cha mtihani. Akarudi kwenye daftari lake, na nikaona haya, lakini si haya ya kutosha.

Wiki moja kabla ya mtihani mdogo wangu akashikwa na homa, akalala kwake. Alikuwa na kazi kubwa mkononi: magauni kumi na mawili ya wauguzi wa kliniki, na kitambaa kimeletwa kimepimwa kamili, hakuna cha kupoteza. Mishono ilikuwa ya kawaida, binti yangu aliimudu. "Kamba zao nimezifunga pamoja," mdogo wangu alisema kitandani. "Akate yeye. Ana jicho."

Ana jicho. Mimi katika miaka kumi na tisa sikuwahi kumwambia kwamba ana kitu chochote.

Jumanne asubuhi binti alikuwa amempelekea mgonjwa uji, nami nilichukua ufunguo nikaingia peke yangu. Nilikwenda kusaidia, ndivyo nilivyojiambia njia nzima. Nilibeba tepu na daftari jipya lenye jalada gumu. Nikashusha kamba zote kutoka ukutani, fungu la wauguzi likiwemo, mia moja na sita, nikazipima moja moja, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: namba, rangi ya kitambaa, kiuno, kifua, nyonga, urefu. Nilipiga mistari kwa rula. Ilichukua mpaka mchana. Nilipomaliza niliona daftari lilivyopendeza na ukuta ulivyobaki misumari mitupu, nikasikia raha. Kamba nikazitia kwenye mfuko wa taka, na mkokoteni wa taka ulipopita nikautoa mfuko kwa mkono wangu.

Binti aliporudi alisimama mlangoni. "Mama, kamba ziko wapi?"

"Ziko humu," nikamwambia, nikimpa daftari. "Sasa mtafanya kazi kama watu."

Alikata magauni manne kwa siku mbili. Alipiga hesabu zote kwenye karatasi, safi, hatua kwa hatua, ili kunifurahisha. Alhamisi muuguzi mkuu akaja kujaribu lake. Lilimkaa kama hema. Mabega yalishuka hadi karibu na viwiko, kwapa zikafika kiunoni. Mwanamke yule mwema alijitazama kwenye kioo, akageuka. "Haya, hili ni la wawili. Mwenzangu yuko wapi?"

Kinyozi alisikia, akacheka kutoka kwake. Binti yangu hakucheka. Walijaribu lile la pili kwa muuguzi mwingine, hali ikawa ile ile. Na kitambaa kilichobaki hakikutosha tena manane.

Nyumbani alipitia hesabu zake mara tatu. Hakuliona kosa, kwa sababu halikuwemo. Ndipo akaniambia maneno ambayo bado nayasikia nikisahihisha madaftari. "Namba ni zako, mama, haziwezi kuwa na kosa. Basi kosa ni mimi. Siendi Jumatatu. Nitafeli tena, na tena hata sitajua nimekosea wapi." Akaiweka kadi yake ya mtihani juu ya meza ya kulia, mbele yangu, akaenda kulala ameugeukia ukuta.

Kamba moja ilikuwa imepona. Ilikuwa ya binti yangu mwenyewe, aliikunja ndani ya mkebe wake wa hesabu. Niliichukua nikaipima hadi fundo la kiuno: sabini na tano. Kiuno chake nakijua, ni sitini na sita. Nikaitazama vizuri ile ncha yenye kipande cha kitambaa. Kabla ya fundo la kiuno kulikuwa na fundo jingine dogo sana, limekazwa mno, la kuanzia. Kile kipande cha kamba kati ya ncha na fundo hilo hakikuwa kipimo. Kilikuwa mkia, wa kushikia, anaobana kwa meno mikono yake inapokuwa na kazi. Mdogo wangu anaanza kuhesabu kwenye fundo. Mimi nilianza kwenye ncha, kama mtu anayepima kichwa cha mtu pamoja na kofia. Na mikia ile hailingani, kila mmoja ulikatwa ulivyokatwa, kwa hiyo hata kutoa tofauti haiwezekani. Daftari langu zima, mia moja na sita, halikuwa na kipimo hata kimoja.

Nilijua Alhamisi. Sikusema Alhamisi, wala Ijumaa. Nilimpikia, nikamwambia asikate tamaa, nikamwambia kila mtu hukosea. Kusema ukweli kungenimaliza mbele ya mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa kitandani na homa.

Jumamosi mdogo wangu aliamka. Alikuja chumbani kwake amejifunga kitenge, amekonda, anashika ukuta. Tulikuwa humo sote watatu, binti yangu akifumua mabega. Mdogo wangu aliangalia gauni. Akaangalia misumari.

"Kamba zangu ziko wapi?"

"Nilizitupa," nikasema. "Niliziandika kwanza."

Akaliinua daftari, akalifungua, akalifunga. Binti yangu akaanza, "Mama mdogo, ni mimi, nimeharibu, nilikosea mahali lakini sijui..."

Mdogo wangu alikuwa ameshaiona ile kamba moja juu ya meza, pale nilipoisahau asubuhi nilipokuja nayo kuipima tena, na tepu yangu kando yake. Akanitazama. Alikaa kwenye kiti cha cherehani akanisubiri, kama ninavyowasubiri watoto mbele ya ubao.

Nilichomoa chaki kwenye tundu la kitasa. Nikachora kamba juu ya meza, nikachora mkia, nikachora fundo dogo. "Hapa ndipo panapoanzia kipimo," nikamwambia binti yangu, "na hapa ndipo nilipoanzia mimi. Hatua zako zote ni sahihi. Kosa liko kwenye hatua ya kwanza, na hatua ya kwanza niliifanya mimi. Nilijua tangu Alhamisi." Chaki ilivunjika. "Na sikuja hapa kusaidia. Nilikuja kwa wivu. Aliyekufundisha pai nilitaka niwe mimi."

Binti yangu aliinama juu ya mchoro. "Kwa hiyo hesabu zangu zilikuwa sawa?"

"Zote."

"Zote nne?"

"Zote nne."

Akakaa sakafuni kati ya vipande vya kitambaa akalia, na kilio kile hakikuwa cha huzuni, hata mimi nililijua hilo.

Mdogo wangu hakulia wala hakupiga kelele. "Siku mbili," alisema, "umemwacha mtoto ajiite mjinga. Kama mimi nilivyoachwa." Halafu akafungua daftari tena, akaliweka mbele yangu. "Nisomee. Tafuta kitambaa cha buluu chenye mistari myeupe."

Nilitafuta kwa kidole. Namba arobaini na moja. Buluu, mistari myeupe. Kiuno themanini na tatu, kifua mia moja na mbili. Niliyasoma kwa sauti, na nilipofika kwenye urefu nikaishia hapo, kwa sababu gauni lile la buluu nililikumbuka. Marehemu mama alilivaa mpaka likachanika viwiko.

"Ndiyo kamba yake," mdogo wangu alisema. "Nilikuwa naishusha nikimtaka."

Nimeomba msamaha mara nyingi tangu siku hiyo. Alinijibu vizuri, alinipa kiti, aliniuliza habari za kazi. Kamba ya mama haikurudi. Wauguzi alikwenda kuwapima upya kliniki, mmoja mmoja, na kitambaa kilichopungua nilikinunua mimi. Jumatatu binti yangu aliichukua kadi yake juu ya meza bila kuniaga kwa maneno mengi, akaenda kufanya mtihani.

Matokeo yalitoka baada ya miezi miwili. Ningeweza kuyaona mapema kupitia ofisini, nikaahidi sitafanya hivyo, na sikufanya. Nilikaa barazani. Nilimwona akitokea mwisho wa barabara na karatasi mkononi, anatembea haraka. Pale kwenye kona, kushoto ni nyumbani, kulia ni mtaa wa pili. Alikata kulia, akakimbia.

Cheti changu cha semina kilikuwa nyuma yangu ukutani, na mimi nilikaa pale roho ikiniuma kama siku ile ya dirishani, hakuna kilichopungua. Nilikaa kiasi. Halafu nikavaa viatu nikamfuata.

Niliwakuta wamekumbatiana, karatasi iko chini ya mguu wa cherehani isipeperuke. Niliisoma nikiwa nimesimama. Amefaulu, si kwa alama za kuringia, lakini amefaulu. Nilitaka kumuuliza kwa nini huku kwanza. Swali lilikuja hadi kwenye meno nikalimeza, nikampa mkono wa pongezi kama mwalimu, kisha nikamvuta nikamkumbatia kama mtu.

Mdogo wangu alikuwa tayari anakata kamba mpya. Ile ya zamani haimtoshi binti tena, na chuoni atahitaji sare. Ukutani niliona misumari imeanza kupata kamba tena, kama ishirini hivi. Akafunga fundo dogo la kuanzia, akalikaza kwa meno, akampa binti yangu ncha amshikie. Binti yangu akanigeukia mimi, akaniwekea ncha ile kwenye vidole.

"Shika mkia, mama," akasema. "Usiuhesabu."